Mumeo Amekuruhusu?

Mama mdogo wangu alipokwenda kuchukua fomu ya kugombea udiwani, alirudi nyumbani Tandika, Dar es Salaam, jioni akiwa amenuna. Hakuulizwa amesoma wapi. Hakuulizwa atafanya nini kuhusu mtaro unaofurika nyuma ya soko kila masika. Nje ya ofisi ya chama chake walikuwa wamekaa wajumbe watatu kwenye benchi, wawili kati yao wanawake watu wazima, na walichompokea nacho ni swali: "Mumeo amekuruhusu?" Akajibu ndiyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Kumbe baba mdogo naye siku nzima kijiweni, pale anapochezea bao, alikuwa akiulizwa, "Umemruhusu?" Usiku ule walikula kimya, kila mmoja akijiona kama amevuliwa nguo mbele za watu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitegea sikio swali hili. Nimelisikia Mbagala na Mbezi, msibani na kwenye vikoba, kwa watu wasiojua kusoma na kwa wenye shahada mbili. Nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa siasa na ndoa mjini hapa inatokana na neno ruhusa kubebeshwa mizigo isiyofanana. Mmoja akilitamka anafikiria kutoka nje usiku. Mwingine anafikiria fedha. Wa tatu anafikiria jina la ukoo wake litakavyosomeka kwenye bango. Wanabishana mpaka alfajiri, kila mtu na jambo lake. Furushi hili halina budi kufunguliwa, mzigo mmoja mmoja.

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo jibu ni fupi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Ibara ya 67 inataja sifa za anayetaka ubunge: awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho. Humo hamna mume wala mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyozikusanya ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali katika kitabu kimoja, inasema kwenye kifungu cha 56 kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 66 kinakataza mwenza kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hata mahari isipokamilika, ndoa inabaki halali. Sheria hiyo ina doa lake kubwa, kwamba imeruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, jambo ambalo Mahakama Kuu ililikataa mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikatia muhuri mwaka 2019. Lakini ukiisoma tangu mwanzo hadi mwisho, hukuti mahali mke anapotakiwa kuleta ridhaa ya mume ili agombee uongozi.

Ipo ruhusa moja kati ya wanandoa ambayo sheria inaidai kweli. Nitaifikia mwishoni, kwa sababu ndiyo ambayo sijapata kusikia mtu akiiuliza kijiweni.

Walipomwendea Boi

Kama swali halitoki kwenye sheria, limetoka wapi? Jibu la haraka ni "mila", na watu wakishasema mila huona wamemaliza. Historia ya mji huu inaonyesha jambo lililopinda zaidi ya hapo.

Mwaka 1955 TANU ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu izaliwe. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alikuja Dar es Salaam, akakutana na viongozi, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na wa kumwonyesha. Ndipo wakamfikiria Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huu wa mwaka 1926, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, mwenye sauti iliyojulikana katika kila mtaa uliokuwa na maulidi au harusi. Hawakumwendea yeye kwanza. Walimwendea mumewe, Boi Selemani, dereva wa teksi, wakamwomba awaachie mkewe afanye kazi ya chama. Boi akakubali.

Tazama mlango walioupitia. Waliokuwa wakidai uhuru kwa Mwingereza walibisha hodi kwa mume kabla ya kumuuliza mwenye sauti. Naelewa kwa nini: walitaka mambo yaende, na kumchukua mke wa mtu bila kauli ya mwenye nyumba kungewaletea ugomvi wasiouhitaji. Ila namna ile ya kuanza ikawa desturi ya siasa zenyewe. Wajumbe watatu wa Tandika hawakulirithi swali lao kwa bibi zao peke yao. Wamelirithi kwa vyama pia.

Sehemu ya pili ya hadithi hii huwa haisimuliwi sana. Ndani ya miezi michache Bibi Titi na wenzake waliingiza TANU wanawake wapatao 5,000. Walikuwa nani? Wengi walikuwa wanawake wa Kiislamu wa makamo, shule kidogo au hakuna kabisa, na wengi walikuwa wameachika. Walikuwa na biashara zao za maandazi na vitumbua, wengine na vyumba vya kupangisha. Vikundi vya ngoma vilikuwa na viongozi, sare, michango na ratiba; TANU haikuunda mtandao mpya, ilikanyaga kwenye mtandao uliokuwapo. Kwa hiyo anayesema mila ilimfungia mwanamke wa Pwani nje ya siasa, akumbuke kwamba ngoma ndiyo iliyompa jukwaa, na kwamba waliolitumia mapema zaidi ni wale ambao hawakuwa na wa kumwomba ruhusa, au walikuwa na hela zao wenyewe. Mambo hayo mawili, nafasi ya kutoka na fedha ya mkononi, yataturudia.

Bibi Titi mwenyewe aliilipia siasa. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na yeye akalipinga sharti hilo waziwazi. Nadhani inafaa kutulia hapa kidogo. Kwa mwanamume mwenye mshahara wa serikali, chumba cha kupangisha kilikuwa nyongeza. Kwa mwanamke wa Dar es Salaam ambaye talaka ilikuwa kauli ya dakika moja, chumba hicho kilikuwa pensheni, bima na mahali pa kurudi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Katika msukosuko huo ndoa aliyokuwa nayo ilivunjika. Leo jina lake liko kwenye barabara inayopita Mnazi Mmoja, na madereva wa bodaboda hulitaja mara mia kwa siku.

Mzigo wa usiku

Sasa tufungue furushi. Mzigo wa kwanza ni kutoka nje.

Mafunzo ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, yanamtaka mke apate idhini ya mumewe anapotoka nyumbani pasipo dharura. Mafunzo hayo hayo yanasema mali ya mke ni yake. Mume hana mamlaka juu ya faida ya genge lake. Mtaani mambo haya mawili yamechanganywa, idhini ya kutoka ikawa idhini ya kila kitu, mpaka ya kuwaza. Upande wa Wakristo, barua kwa Waefeso husomwa harusini, na mara nyingi msomaji huinua sauti kwenye aya ya wake kutii, akapita upesi kwenye ile inayomwamuru mume ampende mkewe kama mwili wake. Kwenye kicheni pati somo humkalisha mwali na kumwambia asubuhi amwogeshe mumewe, jioni asiwe mbali. Mashauri mengine ya somo ni mazuri sana na yameokoa ndoa nyingi. Lakini yote yamepangwa kwa mwanamke ambaye saa 1 usiku yuko jikoni.

Siasa nazo zina saa zake. Kwa taratibu za kampeni, mikutano ya hadhara huanza saa 2 asubuhi na hufungwa saa 12 jioni. Ungekuwa ndio ukweli wote, mgombea mwenye mume na watoto angeshuka jukwaani, akawahi hata magharibi. Tatizo ni kwamba ushindi haupatikani jukwaani. Unapatikana kwenye kura za maoni za chama, na hizo huchezwa usiku: kuzungukia wajumbe, vikao vya ndani visivyo na ajenda, simu ya saa 5 usiku kwamba kundi fulani limehamia kwa mpinzani na lazima ufike sasa hivi. Mwanamume akiondoka saa hiyo, husemwa anapambana. Mwanamke akiondoka, jirani huchungulia dirishani kuona gari lililomfuata lina namba gani.

Na hofu ya mume, tuseme kweli, haikuzuka hewani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kizima, cha 25, kuhusu rushwa ya ngono. Bunge halikukiandika kwa kujifurahisha. Wapo wenye vyeo wanaojua kwamba mwanamke anayetaka jina lake lipite yuko mikononi mwao, na wanautumia ujuzi huo. Baba mdogo aliponiambia, "Mwanangu, mimi simwogopi mama yako mdogo, nawaogopa hao," alikuwa anasema jambo la maana kuliko mijadala mingi ya redioni. Ila angalia tunavyotibu ugonjwa huu. Mwenye kosa ni kiongozi anayeita vikao nyumba ya wageni, na anayefungiwa mlango ni mke wa mtu. Chama kikihamisha vikao vyake vyote mchana, ofisini, vikiwa na muhtasari ulioandikwa, nusu ya maneno ya "mumeo amekuruhusu" yatakosa mahali pa kukaa.

Zipo pia saa za umri. Rais Samia Suluhu Hassan aliolewa mwaka 1978 na Hafidh Ameir, mtaalamu wa kilimo, wakajaliwa watoto wanne. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, kwa viti maalumu vinavyotengewa wanawake, miaka 22 baada ya harusi. Akawa Makamu wa Rais mwaka 2015 na Rais Machi 2021. Siwezi kusema nini kilizungumzwa nyumbani kwao, lakini mpangilio huo wa miaka unafanana na wa wanawake wengi wa kizazi chake: kwanza kulea, halafu jukwaa. Wenzao wengi wa kiume huanza siasa wakiwa vijana, watoto wachanga wakilelewa na mtu mwingine. Ile miaka 20 ya kujifunza fitina za chama na kujuana na wajumbe ndiyo deni analoingia nalo mwanamke.

Kwenu wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni methali ninayoipenda, na ni methali inayomtesa mgombea aliyeolewa kuliko zote, kwa sababu haimwambii kwao ni wapi.

Chukua mwanamke wa kawaida wa mji huu. Amezaliwa Songea, ameolewa na mtu wa Moshi, wanaishi Kimara. Akienda kugombea Songea, wazee watamkaribisha kwa ugali na kuku, kisha mmoja atauliza taratibu: wewe uliolewa Uchagani, ukipata ubunge huku maendeleo utampelekea nani? Akienda Moshi, yeye ni mke wa ukoo, lakini mashamba na majina ni ya mashemeji, na mmoja wao huenda anaitaka nafasi hiyo hiyo. Kimara ndiko walikojenga, ila huko nako kila mtu ana kwao pengine, na desemba ikifika mtaa unabaki na walinzi. Mwanamume aliyehama ana kwao sehemu moja, popote alipozikwa babu yake. Mwanamke ana sehemu tatu, na katika kila moja anatakiwa aoneshe kibali cha kukaa.

Dar es Salaam imelilegeza hili kidogo, na hilo ni jambo la kuishukuru. Mji usio na kabila lenye wingi huwapa wapiga kura nafasi ya kuuliza umefanya nini hapa mtaani. Halima Mdee alilichukua jimbo la Kawe mwaka 2010, na mwaka 2015 akalishika tena. Mwenyekiti wa mtaa aliyejenga jina kupitia kikoba na misiba anaweza kushinda bila mtu kujali kaburi la babu yake liko wapi. Lakini usisahau asiyeolewa. Yeye huulizwa kinyume chake: nyumba tu imemshinda kuianzisha, kata ataiweza? Ukiolewa uko na doa, usipoolewa uko na doa.

Jina nalo lina vita vyake. Sheria yetu haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, ila wengi huchukua, wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu makarani wamezoea hivyo. Akijenga sifa kwa jina hilo miaka 15, sifa hiyo ni ya nani wakiachana? Jirani zetu Kenya walimwona Wangari Maathai akilipitia hili hadharani. Mumewe alikuwa mbunge wa Lang'ata tangu mwaka 1974, na yeye alikuwa amesaidia kumnadi. Walipoachana, mwishoni mwa miaka ya 1970, mume alimtaka asiendelee kutumia jina lake. Mama yule aliongeza herufi moja tu, Mathai likawa Maathai, akaendelea na safari yake hadi ubunge wa Tetu mwaka 2002 na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Herufi moja. Nikiona mabango ya uchaguzi yaliyoandikwa "Mama" na jina la mume, huwa naikumbuka herufi hiyo.

Mlango wa ubavuni

Nchi imejaribu kuipunguza mizigo hii kwa njia ya viti maalumu. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Sasa Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya idadi ya wabunge wengine, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 vilikuwa 113. Kwenye halmashauri ni theluthi moja. Chama hupata sehemu yake kulingana na kura zake, mradi kimefikisha asilimia 5, na wanaopanga majina ni chama chenyewe, kwa CCM wakianzia kwa wajumbe wa UWT, jumuiya yake ya wanawake.

Kwa mke wa mtu njia hii ina nafuu inayoonekana. Wapiga kura ni wachache na wengi ni wanawake, maswali ya ukoo hupungua, matusi ya jukwaani hayapo. Ndiyo maana waume wengi waliokataa jimbo hukubali viti maalumu. Bei yake hujulikana baadaye. Mbunge wa viti maalumu hana jimbo, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo haupiti mikononi mwake. Hawezi kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa Katiba inataka atoke kwenye majimbo. Na wapo wanaomwita wa kupewa hata akifanya kazi kuwashinda wa kuchaguliwa. Mimi siungi mkono kuvifuta. Bila viti hivyo Bunge letu lingejaa suruali tupu. Ninachokataa ni kumwambia mwanamke kwamba mlango huu wa ubavuni ndio unaomfaa mke mwenye heshima.

Waume nao wanaumia, na waandishi wengi huliruka jambo hili. Mume wa diwani akionekana anasuka nywele za binti yake asubuhi, mtaa husema amelishwa limbwata. Akiendesha gari la mkewe, ni marioo. Nafasi ya mke wa kiongozi inajulikana: atakaa mstari wa mbele, atapokea wageni, ataitwa mama. Nafasi ya mume wa kiongozi haijapewa hata jina la heshima. Nina hakika kuna wanaume wanaokataza kwa kuogopa kijiwe kuliko wanavyoogopa siasa, na kijiwe hicho ni sisi.

Ruhusa isiyoulizwa

Sasa fedha, na ile ruhusa niliyoahidi.

Kampeni ni ghali. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inaweka mipaka na kumtaka mgombea aeleze matumizi, lakini kabla hujafika kwenye kampeni kuna nauli za wajumbe, chai, karatasi, mafuta ya pikipiki, na michango ya misiba ambayo huongezeka ghafla mtu akitangaza nia. Mwanamke wa Temeke hutoa wapi? Kikoba, upatu, mtaji wa genge. Ni fedha kidogo, na mara nyingi ni zake kweli. Mwanamume hutoa wapi? Mara nyingi huangalia nyumba.

Hapo ndipo sheria inapofungua mdomo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mume au mke kuuza, kupangisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Sheria ya Ardhi nayo hudai ridhaa hiyo kwenye rehani, na ndiyo maana benki hukuletea karatasi ya mwenza kutia sahihi. Mahakama ya Rufani ilikwenda mbali zaidi mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed, iliposema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata alichodai katika rufaa ile, lakini kanuni aliyoiacha imewasaidia wanawake wengi.

Kwa hiyo ruhusa hii inayodaiwa na sheria inamhusu mume sawasawa na mke. Mgombea mwanamume anayeweka rehani nyumba ya Yombo ili agombee anapaswa kwanza kumuuliza mkewe. Nimehudhuria mikutano ya kutosha ya watia nia. Sijasikia hata siku moja mjumbe akimwinukia mwanamume: "Mkeo amekuruhusu?" Wapo wake wa mjini hapa waliogundua kilichotokea siku dalali alipokuja na tangazo la mnada. Wapo waliotia sahihi wakiambiwa ni karatasi ya mkopo wa duka. Na nyumba nyingi za Tandika, Buguruni na Manzese hazina hati kabisa. Zina leseni ya makazi au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, kwa hiyo huuzwa au kuwekwa dhamana kwa mkopeshaji wa mtaani pasipo benki kuuliza chochote. Sheria inasema mnunuzi wa namna hiyo huichukua nyumba pamoja na haki ya mwenza kuendelea kukaa humo, isipokuwa athibitishe kwamba hakujua na hangeweza kujua hata kwa kuchunguza ipasavyo. Kwa mama aliyetolewa vyombo nje, kwenda kumbana mtu huyo mahakamani ni safari ndefu.

Ndiyo sababu sikubali tuendelee kusema huu ni mgogoro wa wanawake wenye tamaa na mila za wazee. Tamaa ya uongozi ya mume inaweza kuigharimu nyumba paa lake, na mtaa ukaita hilo kujitoa kwa ajili ya watu. Ya mke inaweza kuigharimu chakula cha jioni mara tatu kwa wiki, na mtaa ukaitisha kikao cha ukoo.

Mama mdogo alishindwa kwenye kura za maoni, kwa kura chache. Aliwapigia simu wote waliomchangia, akarudi gengeni. Wiki mbili baadaye mke wa jirani, ambaye mumewe naye alikuwa ametangaza nia ya udiwani kata ya pili, alikuja usiku kuuliza jambo. Alikuwa ameona wanaume wawili wakipima kiwanja chao. Mama mdogo alimweleza anachokijua: kwamba mke ana maslahi katika nyumba ile hata kama jina lake halimo, kwamba ikiwa ina hati anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, na kwamba kuna vituo vya msaada wa kisheria visivyotoza wanawake fedha. Baba mdogo, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani, aliingia akawatajia daladala la kupanda. Waliondoka saa 1 asubuhi, jirani akiwa amekunja nakala ya hati na kuifunga kwenye pindo la kanga.